Kodi ni ya Muuzaji

Rehema, Baraka, na nyie wengine mliobaki pale juu, mliniomba niandike jinsi tulivyokuwa tunafanya kazi kabla hamjaja. Nimekaa na ombi lenu miezi mitatu. Siyo uvivu. Nilikuwa najiuliza mtu aliyeishia darasa la saba na cheti cha kupiga chapa ana lipi la kuwaambia watu wa diploma. Daftari la kwanza nililonunua, mjukuu wangu alilichora magari mpaka jalada la nyuma, nikaona labda hilo ndilo jibu lenyewe. Hili la pili nimelificha juu ya kabati. Tarehe siziweki, maana nikizikosea mtanicheka, na nikizipatia hamtajua.

Naanza na siku ya kwanza. Ofisi ilikuwa palepale mnapopajua, vyumba viwili Temeke juu ya duka la mabati na saruji, ila ngazi ilikuwa ya mbao na inalia, kwa hiyo tulijua mteja anakuja kabla mwenyewe hajaamua kama kweli anakuja. Malori ya Kurasini yakipita chini, meza yangu inatetemeka. Mashine ya chapa niliyopewa ilikuwa na ugonjwa wake: herufi M inaruka juu ya mstari. Hata miaka mingi baadaye, mtu akileta mkataba wa zamani, mimi naitazama M kwanza. Nikiiona imeruka najua huyu ni mtoto wetu.

Wakili Nurdin mnamjua akiwa mzee. Mimi nilimkuta ndevu bado nyeusi. Kwao ni wauza vitambaa tangu enzi za babu yake, na ndugu zake walikuwa wakipita ofisini kumuuliza lini atarudi dukani, kwa utani ambao haukuwa utani sana. Mimi aliniuliza hivi.

"Unajua kupiga chapa?"

"Najua kidogo."

"Kidogo ndiyo kiasi gani?"

Nikaitazama mashine, akaniajiri. Mpaka leo sijui kama aliupenda ukweli wangu au alikuwa na haraka.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kombo, karani wake mkuu, mtu wa Kilwa, mwembamba, kofia ya viua haimtoki, na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuazima watu. Wiki mbili za mwanzo hakuniruhusu niiguse mashine. "Kaa hapo usikilize," aliniambia. Nikakaa. Watu walikuja kuuziana nyumba na viwanja, naye anausoma mkataba mzima kwa sauti, polepole, kama anayesoma barua ya msiba. Akimaliza hasemi "Mmeelewa?" Anasema, "Haya, nirudishieni." Hapo kila mmoja, muuzaji kwanza, anaeleza kwa maneno yake mwenyewe amekubali nini. Wengine iliwakera. Mfanyabiashara mmoja alimwambia, "Mzee, mimi siyo mtoto wa chekechea." Mzee Kombo akamjibu, "Najua. Mtoto wa chekechea angekuwa amesharudisha."

Jioni moja nilimuuliza kwa nini anajisumbua vile. Akasema, "'Nimeelewa' siyo jibu, mwanangu. Ni adabu tu. Mtu hataki kukuudhi."

Hilo mlishike kabla ya mengine yote. Mimi niliambiwa nikiwa binti, nikalisahau siku moja tu, na siku hiyo ndiyo nitakayowaandikia.

Lakini kwanza mambo ya kodi, maana wateja wengi wanapanda ngazi ile wakiijua bei ya nyumba peke yake. Mnunuzi anadhani ananunua nyumba, kumbe ananunua foleni. Atatakiwa kwenda kupekua kwa msajili kama hati ni ya huyo anayeuza kweli. Atakuja mthamini, apime na kuandika nyumba ina thamani gani, kwa sababu serikali haiiamini bei mnayoitaja nyie wawili, na kwa niliyoyaona haina kosa. Mnunuzi atalipa ushuru wa stempu na ada za kuhamisha jina. Muuzaji naye ana yake, inayoitwa kodi ya ongezeko la mtaji: serikali inatazama nyumba ilimgharimu kiasi gani na ameiuza kiasi gani, na ile faida ya katikati inakatwa. Halafu kuna kodi ya pango la ardhi, ambayo kama ina madeni ya nyuma ni ya aliyekuwa akikaa na hati. Na kodi ya majengo siku hizi inakatwa kwenye umeme wa luku, mpangaji ananunua umeme, anakatwa kodi ya mwenye nyumba, halafu wanatuletea ugomvi sisi. Viwango siviandiki. Kila bajeti ya Juni inakuja na lake, na mkinisoma baada ya miaka miwili mtampoteza mtu. Ulizeni siku hiyohiyo.

Mshike pia hili: hati haibadilishwi jina mpaka stakabadhi ya kodi ya muuzaji ionekane. Kwa hiyo kodi ile ni ya muuzaji, lakini maumivu ya kutolipwa kwake ni ya mnunuzi.

Sasa angalieni hesabu ya maneno. Kodi ya ongezeko, kodi ya majengo, kodi ya pango. Na mpangaji anayelipia chumba chake Mbagala naye anasema analipa kodi. Lugha yetu ni tajiri, lakini hapa ilibana matumizi.

Mzee Kombo alilijua hilo. Kwenye mikataba yake yote aliandika hivi: "Kodi zote za serikali zinazoihusu nyumba hii hadi siku ya makabidhiano zitalipwa na muuzaji." Mimi niliiona sentensi ndefu isiyo na sababu. Alipofariki, Mungu amrehemu, kompyuta ilikuwa imeshafika, na ni mimi niliyeinakili mikataba yake kuingia mle, neno kwa neno, nikilia kidogo kwa sababu mashine mpya ilikuwa na M iliyonyooka.

Miaka ikapita, akaja Bi Mwanaidi.

Alikuwa mjane wa hapahapa Temeke, nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, viwili anakaa yeye, vinne wapangaji. Marehemu mumewe, Mzee Shomari, alikuwa kuli bandarini, na nyumba ile waliijenga wawili, bati kwa bati. Sasa alitaka kuhamia Chanika karibu na binti yake, alime mihogo, apumzike na kelele za malori. Mnunuzi alikuwa Sista Neema, muuguzi, mtu wa Singida, mama wa watoto wawili, amepanga Kimara na amechoka kupanga. Pesa aliichukua kwenye chama cha akiba na mikopo cha kazini kwake, kwa sharti moja: ndani ya miezi sita awapelekee hati yenye jina lake. Asipoipeleka, wanaudai mkopo wote kwa mkupuo, yaani nyumba iuzwe hata kabla hajapachika mapazia. Alinieleza hayo huku akicheka na kuhesabu miezi kwa vidole.

Bi Mwanaidi alitaka kila kitu kiandikwe: kisima, banda la kuku, mnazi aliopanda marehemu. "Andika na mnazi, Tatu. Mtu asije akasema nimeuza nyumba bila mnazi." Nikaandika. Maelezo yakarefuka, na sahihi zao zikaangukia ukurasa wa pili, peke yake, kwa mstari mmoja na nusu tu. Wakili hakutaka kabisa sahihi zikae peke yake, kwa sababu ukurasa wa juu unabadilishika. Mzee Kombo alikuwa akisema karatasi yenye sahihi tupu ni kama mguu uliookotwa. Nikatafuta pa kupunguza, nikaiona ile sentensi ndefu ya kodi. Nikaikata ikawa hivi:

"Kodi ya nyumba hadi makabidhiano ni ya muuzaji."

Sahihi zikapanda juu. Ilikaa vizuri. Nilijipongeza, na hilo nalikumbuka kuliko yote.

Siku ya kusaini ilikuwa Ijumaa, adhuhuri inakaribia, Wakili anaitazama saa, Bi Mwanaidi ana gari la kukodi linamngoja chini. Nikausoma mkataba. Nilipomaliza nikauliza, "Mmeelewa?"

"Tumeelewa," wakasema wote wawili.

Na kweli walikuwa wameelewa. Kila mmoja na lake.

Makabidhiano tuliyaweka miezi miwili mbele. Katikati hapo mthamini alikuja, akapima chumba kwa chumba, isipokuwa kile cha nyuma, ambacho mpangaji wake, fundi cherehani, alikuwa amesafiri na ufunguo. Akasema kile atakiongeza fundi akirudi. Makadirio ya kodi yalipotoka nilimkabidhi Bi Mwanaidi bahasha kwa mkono wangu, nikamwambia, "Bibi, mambo ya kodi haya." Akaitia kwenye mkoba, akanishukuru.

Sista Neema alikuwa akipita ofisini akitoka zamu na kumpigia simu akiwa amesimama mezani kwangu. Nilizisikia zile simu. Ndiyo maana siwezi kusema sikujua.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu, watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Bibi, kodi vipi?"

"Kodi inaenda vizuri, alhamdulilahi. Imebaki ya chumba cha nyuma tu."

"Ah, kile cha fundi."

"Hichohicho. Akirudi tu, tumemaliza."

Neema akanigeukia, "Dada Tatu, imebaki ya chumba cha nyuma." Nami, kwa akili zangu timamu, nikaona inaingia akilini, si mthamini alikiruka? Nikasema tungoje.

Tukangoja. Nyumba ikakabidhiwa, Neema akahamia vile vyumba viwili, wapangaji akawaacha kwanza mpaka hati itoke. Siku moja akapigiwa, "Mwanangu, kodi tayari! Wote wamemaliza!" Akaja ofisini na soda mbili, yangu na yake. Mimi nilikuwa nangoja stakabadhi ili faili liende kwa msajili. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Miezi minne ilikuwa imekwisha kati ya sita. Nikampigia mimi mwenyewe. "Bibi, niletee ile karatasi ya kodi." Akasema kesho asubuhi.

Ngazi ililia saa tatu. Alikuja ametoka Chanika na mfuko wa mihogo kwa ajili yangu, akakaa, akapumua, akaweka mezani daftari la shule lenye jalada la bluu.

"Haya, karatasi ya kodi hiyo. Kila mtu nimemwandika."

Nikafungua. Chumba cha kwanza, mama wa vitumbua, miezi sita, amelipa. Chumba cha pili, dereva, miezi sita, amelipa. Cha tatu, vivyo hivyo. Chumba cha nyuma, fundi cherehani, miezi sita, amelipa, amechelewa kwa sababu alisafiri.

Nikalifunga daftari. Nikamuuliza taratibu, "Bibi, na ile bahasha niliyokupa?"

Akaitoa mkobani. Ilikuwa imefungwa bado.

"Hii? Nilidhani mwaliko wa harusi. Si ulisema mambo ya kodi nikajua unanikumbusha wapangaji? Mie hao siwasahau, Tatu."

Mchana ule Neema akaitwa kutoka zamu, tukakaa wanne chumbani kwa Wakili. Aliposikia kodi ya serikali haijalipwa hata shilingi, na pango la wapangaji wake limechukuliwa mpaka miezi minne baada ya makabidhiano, aliinuka akakaa tena.

"Bibi, nilikuuliza kila wiki! Kila wiki nakuuliza kodi, unaniambia tayari!"

"Na ilikuwa tayari! We uliniuliza kodi, nikakujibu kodi. Ungeniuliza serikali ningekujibu serikali."

"Mkataba unasema kodi ni ya muuzaji!"

"Ndiyo hivyo! Muuzaji nani? Mie. Kodi ya nani? Yangu. Na yote niliidai kabla ya makabidhiano, kama nilivyosomewa. Mwizi mie?"

"Sijasema mwizi."

"Umekaa kama unasema."

Wakili akajaribu kueleza. Akasema kodi yenyewe inaitwa ya ongezeko la mtaji, ila wengi, kwa Kiingereza chao cha mitaani, wanaiita kapito geni.

"Huyo Kapito ni nani?" Bi Mwanaidi akauliza. "Nyumba ile nimejenga na Shomari. Sijawahi kuishi na Kapito, awe mgeni asiwe mgeni."

Neema alicheka bila kutaka, halafu machozi yakamtoka. "Miezi miwili, Bibi. Imebaki miezi miwili. Wanangu nimeshawahamisha shule."

Hapo Bi Mwanaidi akauweka mkoba chini. Nadhani ndipo alipojua kwa mara ya kwanza kuna mtu anayeweza kukosa pa kulala kwa ajili ya jambo hili. Wakili aliivuta karatasi, akaisoma ile sentensi mara mbili, midomo ikicheza.

"Wote wawili wamesoma sawasawa," alisema. Kisha akanitazama. "Hii sentensi ni ya Kombo?"

Nilikuwa na nafasi, tena pana. Mikataba yote ilikuwa ya Kombo, na Kombo yuko makaburini, hawezi kupanda ngazi kuja kukana. Sitaki kujisifu kwamba sikuifikiria. Niliifikiria vizuri sana.

"Ni yangu," nikasema. "Ya Mzee Kombo ilikuwa ndefu."

"Kwa nini uliikata?"

"Sahihi zilikuwa zinaangukia ukurasa wa pili. Na siku ile sikuwaambia warudishe. Niliuliza kama wameelewa."

Wakili akaitazama saa ya ukutani, nadhani akaikumbuka Ijumaa ile. "Basi na mimi nimo," akasema. "Ada yangu ya uhamisho siichukui." Halafu akamgeukia Bi Mwanaidi kwa adabu, akamweleza kwamba sheria inamtazama muuzaji, wala siyo suala la nani alisikia nini. Lakini inakatwa faida tu. Alichotumia kununua kiwanja na kujenga kinatolewa, kama kina ushahidi. Kile kilichokuwa kwenye bahasha kilikadiriwa bila ushahidi wowote.

"Ushahidi gani?"

"Risiti, Bi Mwanaidi. Za mabati, saruji, mafundi."

Bi Mwanaidi akajiweka sawa kitini. "Shomari," alisema, "alikuwa hatupi hata karatasi ya sukari."

Jumamosi nilikwenda Chanika. Alikuwa anakaa kwenye chumba kimoja kilichokamilika, vingine vimeishia kwenye lenta, bila paa, na pesa nyingi ya nyumba ilikuwa imeshaingia humo ukutani. Tulitandika mkeka, akatoa kopo la biskuti lenye kutu. Nawaambia, nimefanya kazi na watu wenye makabati ya chuma na funguo, sijaona mpangilio ule. Marehemu alifunga risiti kwa uzi, kila chumba na fungu lake. Za mabati nyingine zilitoka kwenye duka lililo chini ya ofisi yetu. Makubaliano na mafundi yalikuwa kwenye karatasi za daftari, na alama za dole gumba za wasiojua kusaini. Kisima kilikuwa na fungu lake, choo na fungu lake. Kila karatasi Bi Mwanaidi aliniambia habari zake: hii ndiyo wiki tuliyokula dagaa siku saba, hii ndiyo ya fundi aliyejenga mlango ukafungukia nje.

Tulikaa hapo mpaka alasiri. Katikati ya fungu la ukumbi nikaikuta risiti kubwa kuliko zote, mabati ya nyumba nzima. Nikafurahi, maana hiyo peke yake ingeshusha kodi pakubwa. Nikaiweka juu. Bi Mwanaidi akaiinua, akaisogeza mbali na macho, akaitoa.

"Hii siyo. Hii ya nyumba ya shemeji yangu, Mbagala. Shomari alimnunulia."

Karatasi ilikuwa na jina la Shomari, na hakuna mtu ambaye angejua. Nadhani uso wangu ulisema kwa niaba yangu.

"Yule sista amenitazama kama mwizi," akasema. "Sasa unataka nimpe haki yake kwa kumwibia mwingine?"

Akairudisha kwenye kopo. Nilikwenda Chanika nikiwa na mashaka kidogo juu yake, nayaandika kwa sababu ni ya kweli. Nilirudi nikiwa nayo mashaka yaleyale, ila juu yangu.

Kwenye ofisi ya kodi karani wa pale alizipitia moja moja. Nyingine alizikubali, nyingine zilizofutika alizikataa, na sikumlaumu, hata mimi zilikuwa zikinishinda. Makadirio mapya yakatoka, madogo kuliko yale ya mwanzo, ila bado makubwa kwa mtu ambaye pesa yake imekuwa ukuta. Tukarudi chumbani kwa Wakili, wanne tena.

"Ile ya wapangaji sijaigusa," alisema Bi Mwanaidi. "Nilikuwa nangoja kuezekea. Iko kamili." Akaanza kutabasamu upande mmoja. "Kodi si ndiyo iliyotutia hapa? Basi kodi ilipe kodi."

Tatizo, na mlione kama nilivyoliona mimi, ni kwamba pango la ile miezi minne baada ya makabidhiano lilikuwa haki ya Neema. Kwa hiyo ni pesa ya Neema iliyokuwa inakwenda kumlipia Bi Mwanaidi kodi yake. Nililisema hilo waziwazi, ingawa lingeweza kuvunja kikao. Neema akafikiri. Nje lori lilipita, vikombe vikagongana.

"Bibi, utanirudishia?"

"Kila mwezi. Polepole. Lakini iandikwe, sitaki huruma."

"Haya. Kodi ilipe kodi."

Nikaandika karatasi mpya. Mle ndani hakuna neno kodi lililokaa uchi. Kuna "kodi ya serikali" na kuna "pango la wapangaji", kila moja na nguo yake. Ikawa ndefu, sahihi zikaangukia ukurasa wa pili, na Wakili, bila kuniambia kitu, akaweka sahihi fupi chini ya ukurasa wa kwanza na kutaka nao waweke. Muda wote ule dawa ilikuwa rahisi kiasi hicho. Nikawasomea. Nilipomaliza nikasema, "Haya, nirudishieni," na sauti yangu ilinitoka kama ya mtu mwingine.

Bi Mwanaidi akaeleza, Neema akaeleza. Halafu Neema akasema, "Dada Tatu, ngoja nieleze na la kwake," akalieleza la Bibi, na Bibi akamsahihisha sehemu moja.

Stakabadhi ikapatikana, faili likaenda kwa msajili. Wiki zile nilikuwa nalala vibaya na kula vibaya, na kila ngazi ikilia nasimama. Hati ilitoka zikiwa zimebaki siku tisa. Neema alikuja kuichukua na sare yake ya kazini, akalipitisha dole juu ya jina lake, akaniomba nimsomee kwa sauti. Nikamsomea yote, mpaka namba za kiwanja. "Nirudishie," nikamtania. Akasema, "Ni yangu."

Kama niliyoyakubali siku ile yalikuwa haki kwa Neema, bado napima. Alikaa miezi kadhaa akiwa mwenye nyumba asiyepokea pango, kwa kosa langu la mstari mmoja na nusu. Bi Mwanaidi alimlipa mpaka mwisho, nyingine pesa, nyingine mihogo, kwa bei waliyopatana wenyewe bila wakili, na ilimchukua zaidi ya mwaka. Wenye ushahidi bora wa kama ni haki ni wao wawili, na wao hawakuwahi kurudi kulalamika. Ila kutolalamika nako ni adabu, kama alivyosema Mzee Kombo, kwa hiyo jibu sina.

Yaliyofuata mnayajua, maana mlikuja nikiwa bado pale. Mlikuwa mnanicheka ninavyowazuia wateja kusema "kodi" tu, nawauliza kodi ipi, ya nani kwa nani, hata mtu akija kuomba njia ya choo. Rehema uliwahi kuniuliza kwa nini mikataba yetu ina kurasa mbili wakati ya ofisi ya jirani ni mmoja. Nilikwambia Wakili anapenda karatasi. Nilikudanganya, samahani.

Na siku ile ya chai yenu ya kuniaga, mtakumbuka ngazi ya saruji haikulia, kwa hiyo hatukujua kama kuna mtu anapanda. Akaingia bibi mzee, mkongojo mkono mmoja, mkono mwingine ameshikwa na mama mwenye sare ya uuguzi. Mlisimama mkaamkia. Bibi hakuwajibu mara moja. Alinitazama mimi, akauliza kwa sauti ya juu, "Tatu, kodi tayari?"

Nami nikamjibu, "Tayari, Bibi. Imebaki ya chumba cha nyuma."

Wale wawili wakacheka mpaka Sista Neema akamkalisha Bibi kitini asianguke, na nyie mkacheka pia, kwa adabu, kama walioelewa.